Mikaratusi Kwenye Msitu wa Mama

Mpaka leo nikimwona mtu ameshika futi ya kupimia, naingiwa na hasira. Hata kama ni fundi aliyekuja kupima mlango, damu inachemka kwanza, salamu zinafuata baadaye. Wanangu wananicheka, wanasema mama yao ana ugomvi na futi. Wacheke tu, walikuwa wadogo wakati ule.

Nyumba niliyoolewa haikuwa na mwanaume, na naanza na hilo ili nisiulizwe maswali katikati ya maneno. Niliolewa na mwanamke. Kwetu Wakurya ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu: mama ambaye Mungu hakumpa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto ambao binti huyo atazaa na mwanaume atakayemchagua wanakuwa wajukuu wa nyumba yake, wanarithi jina lake na shamba lake. Walimu na manesi wanaoletwa huku kutoka mikoa mingine wakisikia wanaguna. Wagune. Mimi nilitoka Kenyamonta, ng'ombe wakapokelewa na baba yangu mchana kweupe, na mama aliyenioa alinipenda kuliko wanaume wengi wanavyowapenda wake zao. Nilimwita Mama. Yeye aliniita mokamona, yaani mke wa mwana, ingawa mwana mwenyewe hakuwahi kuzaliwa.

Tulikaa upande wa Itiryo, mteremkoni. Mume wa Mama, marehemu, alikuwa na wake wawili. Mke mdogo alipewa shamba tambarare karibu na barabara, na Mama akapewa mteremko wenye mawe na msitu wake juu, kwa sababu enzi hizo hakuna aliyeutaka. Ulikuwa msitu hasa. Mikuyu ambayo watu kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki, mizambarau ya porini, kamba za miti zimening'inia, tumbili wanakutukana kutoka juu. Chini ya mkuyu mkubwa kulikuwa na chemchemi. Nilichota maji pale asubuhi nikarudi nyumbani uji haujachemka. Mwanamke ambaye hajawahi kutembea na dumu kichwani kilomita baada ya kilomita hawezi kujua nilikuwa na utajiri gani.

Mke mdogo alizaa mwana, na huyo ndiye shemeji yangu. Simpendi, na sitajifanya kumpenda kwa sababu naandika. Alikuwa na mdomo mtamu na macho yasiyotulia. Akija kwetu alikuwa anasimama uani anaangalia juu msituni, halafu anawaangalia wanangu wakicheza, kisha anasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe kwamba nyumba bila mwanaume ni kama zizi bila mlango. Alikuwa akingoja Mama afe. Hilo nililijua mimi, Mama alilijua, na hata yeye alijua kwamba tunajua. Wanangu walikuwa hawajafika umri wa kusimama mbele ya wazee, na mimi sina neno kwenye iritongo, baraza la ukoo, ambako wanaume ndio wanaosema. Mama akifa kabla wanangu hawajakua, ule mteremko ungekwenda.

Ndiyo ilikuwa miaka ya dhahabu. Kila kijana mwenye miguu miwili alikuwa ameondoka kwenda Nyamongo, na aliyebaki alionekana mjinga. Wengine walishuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuchimba, wengine waliendesha bodaboda, wengine walifungua duka la chipsi. Shemeji hakupenda shimo. Yeye alijifunza kutegesha. Kutegesha ni hivi: watu wakisikia kwamba mgodi utapanuka kuelekea sehemu fulani, wanakimbilia huko, wanasimamisha vibanda vya mabati ambavyo hakuna atakayelala ndani, wanachomeka miche katikati ya mahindi, kisha wanakaa kumngoja mthamini aje kuandika fidia. Kuna waliopata na kuna waliokula hasara. Shemeji alipata kidogo, mara moja, na tangu siku hiyo akawa profesa. Akija Itiryo kwenye pombe alikuwa haongei kingine: mthamini anapenda nini, anapita nini bila kutazama, mti gani unalipwa na upi haulipwi.

Basi wakaja wageni. Walikuja na gari jeupe, wazungu watatu na afisa misitu mmoja, mtu wa mikoa ya kusini aliyekuwa anaongea Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari. Tuliitwa mkutanoni uwanja wa shule. Afisa akaeleza kwamba huko Ulaya kuna watu wenye uchungu na dunia, wako tayari kufadhili msitu usikatwe. Mtu anachagua kipande chake, analipia, na kazi ya kipande hicho ni kusimama tu. Miti ikisimama, alisema, inavuta hewa ukaa, ile hewa chafu ya viwanda na magari yao, inaifungia ndani ya mbao na mizizi isiende kuharibu mvua.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nilichombebea, miguu yake ikiwa imeanza kuvimba. Akanyoosha mkono.

"Nimekuelewa hivi, mwanangu, kama nimekosea unirekebishe," alisema. "Wao wamechafua kwao, sasa wanatafuta pa kuweka uchafu, wameona msitu wangu unafaa."

Watu walicheka mpaka walimu wakatoka madarasani. Afisa alijaribu kurekebisha lakini kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba Mama amesema kweli. Shemeji hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, ana uso wa mtu anayejua zaidi ya mhadhiri.

Mimi nilisikia jambo moja tu siku ile. Afisa alisema mkataba utaandikwa kwa jina la nyumba yenye msitu, utapigwa muhuri wilayani, na muda wote wa mkataba hakuna wa kuugusa. Nikamwambia Mama nyumbani: ukiandikwa kwa jina lako na la wajukuu zako, mtoto wa mke mdogo atasimama uani mpaka aote kutu. Mama hakuwapenda wale wageni. Alisema mtu anayekulipa usifanye kitu, ipo siku atakuja kukuambia cha kufanya. Lakini aliwatazama wanangu waliokuwa wanapigania muwa, akasema waje.

Walikuja na futi zao. Walizungushia miti futi kama fundi cherehani anayempima bibi harusi, wakafunga utepe wa bluu kwenye kila mti waliopima. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye kofia, alikuwa mfadhili mwenyewe. Alikuwa amelipia kipande chenye chemchemi, na alipouona ule mkuyu mkubwa aliuwekea viganja vyote viwili akafumba macho. Nilimwonea haya, kwa sababu mimi kila asubuhi nilikuwa naegemeza dumu hapo hapo. Shemeji alikuwa amewafuata bila kualikwa. Aliangalia kila utepe ulivyofungwa. Wageni wakasema watarudi na mkataba mvua zikiisha.

Mvua zilikuwa hazijaisha nilipoitwa Kenyamonta, baba yangu akiwa mgonjwa. Nilikaa huko nikimuuguza mpaka alipoweza kuketi mwenyewe. Nilirudi kwa bodaboda, nikiwa nyuma na mzigo wa karanga kwa ajili ya wanangu, na tulipopinda pale kwenye kona ninapoanza siku zote kuona msitu wetu, niliona anga.

Nilimwambia dereva asimame, nikidhani tumepotea njia. Hatukuwa tumepotea. Mteremko ulikuwa mtupu, mwekundu, visiki vimetapakaa vyeupe kama meno. Na katikati ya visiki, kutoka chini hadi juu, miche ya mikaratusi imesimama kwa mistari iliyonyooka kama watoto wa shule wanaoimba wimbo wa taifa. Kwenye kila mche ambao ulifika angalau magotini kulikuwa kumefungwa utepe wa bluu.

Mama nilimkuta amelala, uso ameugeuzia ukutani. "Nilisikia mashine," alisema. "Nikatuma mtoto amwambie aache. Akanijibu kwamba wazungu ndio wameagiza, na kwamba nisimharibie bahati." Miguu yake ilikuwa imekataa kumfikisha juu. Alikuwa amelala humo ndani siku zote hizo anasikia mkuyu mmoja baada ya mwingine unaanguka.

Nilikwenda kwa shemeji nikiwa bado na vumbi la safari. Nilimkuta anakunywa chai, mchangamfu, akaniambia nikae. Kitu ambacho sitamsamehe ni hicho hasa, kwamba alikuwa amefurahi. Alidhani nimekuja kushukuru.

"Shemeji, ninyi kina mama mngeachwa peke yenu mngekosa kila kitu," alisema. "Yule mzungu alikuwa anapapasa miti kwa huruma tu, hajui mambo. Mimi nimekaa Nyamongo, nimeona kwa macho yangu. Mti uliojiotea mthamini anaupita kama hauoni. Mti uliopandwa kwa mstari ndio unaandikwa. Sasa pale kulikuwa na nini? Kichaka. Nimewatengenezea msitu."

Niliuliza miti iko wapi. Akasema magogo yamekwenda Nyamongo kuwa matimba, yale magogo ya kuzuia duara lisiwaangukie wachimbaji, maana gharama za miche zilitakiwa zitoke mahali. Alisema hivyo bila aibu. Mkuyu wa chemchemi ulikuwa chini ya ardhi, umeshikilia shimo la mtu nisiyemjua. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa Kikurya, na mke wake aliziba masikio ya mtoto.

Chemchemi haikukauka siku ile ile. Ilianza kutoa maji ya rangi ya chai, halafu matope, halafu ikawa mahali palipolowa tu ambapo nyuki walikuja kunywa. Nikaanza kwenda bondeni na dumu kama wanawake wengine. Shingo inaniuma mpaka leo kwa ajili ya shemeji.

Wageni walirudi mvua zilipoisha, kama walivyoahidi. Shemeji alikuwa amevaa shati jipya. Aliwatangulia kupanda akiwaonyesha mistari kwa mkono, akifafanua umbali kati ya mche na mche. Yule mama wa kofia alikuwa anageuka huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Akauliza mkuyu wake uko wapi. Shemeji akamshika kiwiko kwa heshima zote, akampeleka kwenye utepe wake. Aliuhifadhi, akaufunga kwenye mkaratusi mnene kama kidole changu.

Yule mama alikaa chini, akalia. Afisa akamshika bega. Na mimi nilimchukia kwa yale machozi. Alikuja na gari, akalia, akaondoka na gari, na huko kwao bomba halikukauka. Sikusikia hata mmoja wao akiuliza sisi tunachota wapi.

Lakini la afisa ndilo lililoniua. Alifunga begi lake akasema mradi wa kuhifadhi umekufa hapa, hauna tena cha kuhifadhi. Kisha akatazama mistari, akasema upo mradi mwingine, wa kupanda, nao unatafuta watu. Akauliza nani kapanda.

"Mimi," alisema shemeji.

Nikasema ardhi ni ya Mama. Afisa akanijibu kwa ile sauti yake ya redio kwamba mradi unamtambua mwenye miti, na kwamba mambo ya ardhi tuyamalize wenyewe kifamilia. Akasema atarudi na karatasi za mwenye miti. Shemeji alinitazama, na hapo ndipo nikaona kitu kikimwingia kichwani. Alipanda ile miti kwa ujinga, sitamsingizia. Sasa alikuwa anaelewa amepanda nini. Kwetu aliyepanda mti ameweka mguu kwenye ardhi, na mzee yeyote wa iritongo angeuliza swali moja tu: ile miti juu ni ya nani?

Kesho yake, jua limeshapanda, watu wote wako mashambani wanaona, nilimbeba Mama mgongoni mpaka mwanzo wa mstari wa kwanza. Hatukuficha. Yeye alikaa chini akawa anang'oa inayofikiwa na mkono, anajisogeza kwa matako, anang'oa mingine. Mimi nilichukua mistari ya juu. Mche wa mkaratusi uking'oka unatoa mlio mdogo kwenye udongo laini, na nitasema ukweli, nilifurahia kila mlio. Kwenye visiki niliona kitu ambacho sikukitegemea: pembeni mwa magome, vichipukizi vyekundu vilikuwa vimeshaanza kutoka. Mikuyu ilikuwa bado haijakubali kufa.

Shemeji alikuja mbio na panga, nyuma yake vijana wa kijiweni. Alikuwa anafoka kwamba tunamuua, tunamwibia, kwamba mimi ni mwanamke wa kununuliwa na wanangu hawajulikani ni wa nani. Nikashika jembe kwa mikono miwili. Kwa kweli ningempiga.

Mama alisimama, sijui kwa miguu ipi. Huyu kijana, Mama ndiye aliyempokea kwa mikono yake siku aliyozaliwa, na mke mdogo alipougua ni Mama aliyemlea, akamlisha na kumwogesha. Aliweka mkono kwenye fundo la kitenge chake kiunoni, akaanza kulilegeza polepole huku anamtazama usoni.

Kwetu mama mzee akijivua nguo mbele ya mwanaume aliyemlea, mwanaume yule amekwisha. Hakuna ng'ombe wa kuchinja wala mzee wa kumsafisha laana hiyo. Wale vijana waligeuka na kushuka kilima wakiwa wamefunika nyuso. Shemeji alibaki kidogo, panga limelegea mkononi, halafu akaangusha panga akakimbia. Alikimbia kama mtoto, na watu mashambani walimwona. Mama akakaza fundo lake, akakaa chini, akaendelea kung'oa.

Afisa aliporudi hakukuta msitu wala mistari. Alisema watu wa Mara mna matatizo, akawasha gari. Hilo nilimkubalia.

Shemeji hakurudi juu, lakini alikwenda kwa wazee. Alisema mteremko uko wazi, hauna miti wala mazao, nyumba yenyewe haina mwanaume, ukoo uamue. Wazee walikunywa pombe yake, wakasema shauri ni gumu, wangoje. Sote tulijua wanangoja nini. Mama alikuwa hatoki tena kitandani.

Wakati wake ulipokaribia, Mama aliwaita wazee. Waliketi kwenye viti vya kuazima, shemeji kati yao amejikunja. Walitegemea agawe ng'ombe na kuaga. Mama aliwaamkia mmoja mmoja kwa jina la baba yake, kisha akasema hataki kuzikwa uani karibu na mume wake kama ilivyo desturi. Azikwe juu, pale chemchemi ilipokuwa, kwenye kisiki cha mkuyu.

Wazee waliguna. Mmoja alisema mwanamke hazikwi porini kama mwizi. Mama akamuuliza kama yeye anajua mtu aliyewahi kulima juu ya kaburi la mama wa watu, au kugawa shamba lenye kaburi la mwenyewe. Akawauliza kama wako tayari kubeba neno lake la mwisho wakiwa wamelikataa. Hakuna aliyetaka. Huko nyuma nilikuwa nimekimbilia mihuri ya wilaya na wazungu wenye utepe, kumbe yeye hati aliyoiamini alikuwa nayo mwilini.

"Na jembe la kwanza la kaburi," alisema, akamgeuzia shemeji kichwa, "apige mwanaume wa nyumba hii. Si mnasema wajukuu zangu bado wadogo, na mkubwa aliyepo ni huyu? Basi ni yeye."

Alikufa mvua zikikaribia. Kwa desturi yetu mwanaume wa ukoo akipiga jembe la kwanza huwa anaachia vijana wengine kazi iliyobaki. Shemeji alipotaka kuachia jembe, wazee walimtazama tu, na hakuna kijana aliyenyoosha mkono kulipokea. Akachimba peke yake. Jembe lilikuwa linagonga mizizi ya mkuyu kila baada ya muda, na kila alipokata mzizi ulikuwa unatoa utomvu mweupe, mzima kabisa. Vichipukizi vya kisiki vilikuwa vimeshafika kifuani mwa mtu. Nilisimama pale na wanangu, mmoja kila upande, nikawaambia waangalie vizuri ni nani anayechimba na anachimba kwenye shamba la nani.

Alipofika kina cha mabega, shati limemganda mgongoni, alisimama akaomba maji. Watu wote wakanigeukia mimi, maana mwenye nyumba sasa nilikuwa mimi. Nilimwambia dumu liko mlangoni, maji yako bondeni, na njia anaijua.